Pole kwanza, asante baadaye: kushukuru ndani ya wiki nzito

Huu ni mwongozo wa siku saba, dakika kumi kila usiku. Tumeuandika tukimfikiria mtu wa Moshi ambaye wiki imemkalia vibaya: ada inadaiwa, mgonjwa amelazwa hospitali ya Mawenzi, belo la mitumba limefunguliwa pale soko la Memorial likatoa nguo zilizochanika, na masika imegeuza njia ya Pasua kuwa tope. Mtu huyu huambiwa "shukuru tu, wapo wenye shida kuliko wewe". Akifika nyumbani anaumia mara mbili, kwa shida yenyewe na kwa kuona kwamba hata kushukuru kumemshinda. Kosa si lake. Ameagizwa jambo bila kuonyeshwa linavyofanywa, kama mtu anayeambiwa apike mtori ilhali hajawahi kuona ndizi ikimenywa.

Kushukuru kunafundishika. Kuna mpangilio wake, na mpangilio huo ukigeuzwa juu chini hakufanyi kazi.

Vitu vya kuandaa

Tafuta daftari dogo la kurasa 32, lile la wanafunzi, na kalamu moja inayokaa humo humo. Usitumie simu. Ukiifungua ili uandike, utakuta ujumbe wa kikundi cha mchango wa harusi na mwingine wa marejesho ya kikoba, na dakika zako kumi zimekwisha. Daftari likae mahali pamoja, karibu na kitanda au juu ya kabati la vyombo, na tochi iwe jirani, kwa sababu umeme ukikatika usiku wa tatu ndipo wengi wanapoacha.

Saa nzuri ni kati ya saa 2 na saa 4 usiku, chakula kikiwa kimeliwa na watoto wametulia. Asubuhi haifai kwa wiki ya namna hii. Siku bado haijatokea, kwa hiyo utaandika maneno ya jumla, na maneno ya jumla ndiyo adui mkubwa wa zoezi hili.

Asiyeandika, au bibi ambaye macho yamechoka, atumie maharage. Kila jambo analolitaja kwa sauti, anaweka punje moja kwenye kikombe. Kutamka kunatosha, ilimradi atamke kwa ukamilifu kama ilivyoelezwa hapa chini.

Hatua ya kwanza: jipe pole

Lugha yetu inaujua utaratibu huu tangu zamani. Aliyejikwaa, aliyefiwa, anayerudi shambani na jembe begani, wote huambiwa pole kabla ya neno jingine, nao hujibu asante. Asante hiyo inatoka kwa urahisi kwa sababu taabu imekwisha kuonwa na mtu. Ukimnyima mtu pole ukamdai asante, unachopata ni neno tu la mdomoni.

Basi kila usiku anza kwa kujiandikia pole, kwa jina lako, mistari isiyozidi mitatu. Kwa mfano:

"Pole, Rehema. Leo mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya mchango, na mkononi ulikuwa na elfu mbili ya nauli. Umeona aibu mbele ya mwalimu."

Usieleze sababu. Usijifariji, usiandike "lakini Mungu yupo" wala "yatapita". Nafasi ya hayo ipo, ila si hapa. Taja kilichotokea na kilivyokuuma, basi.

Kikomo cha mistari mitatu kina maana yake. Akili ya mtu mwenye taabu hupenda kucheua, kama ng'ombe aliyelala zizini: inarudisha jambo lile lile, inalitafuna, inalimeza, inalirudisha tena. Mistari mitatu ni kulitaja jambo, na ukifika ukurasa mzima tayari unacheua. Ukiona mkono unataka kuendelea, piga mstari mnene chini ya sentensi ya tatu na uende hatua inayofuata hata kama hujamaliza. Kesho usiku utapata mistari mitatu mingine.

Hatua ya pili: jambo, mkono, gharama

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo tutakaa muda mrefu.

Mwaka 2005 mwanasaikolojia Martin Seligman na wenzake wa Marekani walichapisha matokeo ya zoezi rahisi: kila usiku kwa wiki moja, washiriki waliandika mambo matatu yaliyokwenda vizuri siku hiyo pamoja na sababu ya kila moja. Miezi sita baadaye walikuwa bado na furaha zaidi na dalili chache zaidi za huzuni, hasa wale walioendelea kwa hiari yao baada ya wiki kuisha. Wengi wanaolifundisha zoezi hili hutaja yale mambo matatu na kusahau sababu, na bila sababu linageuka orodha ya vitu. Kwa maisha yetu sisi tunaigawa sababu hiyo katika vipande viwili, mkono na gharama. Kila mstari wa shukrani, basi, uwe na sehemu tatu.

Jambo: kilichotokea, na saa na mahali pake. Si "familia yangu", si "uhai na afya". Kiwe kitu ambacho kingeweza kupigwa picha.

Mkono: ni nani alikifanya, kwa jina, au kwa kazi yake ikiwa hulijui jina. Konda wa haisi ya Majengo. Muuguzi wa zamu ya usiku mwenye miwani.

Gharama: huyo mtu alitoa nini ili jambo hilo liwepo. Inaweza kuwa muda, fedha, usingizi, kusimama juani, kumeza neno ambalo angeweza kulisema.

Sehemu ya tatu ndiyo inayogeuza moyo, na ndiyo watu huiruka kwa sababu inataka kufikiri. Chukua mfano wa jirani aliyeleta mtori wodini. Mstari mbovu unasema: "Nashukuru jirani ameleta chakula." Hauna joto. Sasa ufuate huo mtori hatua kwa hatua. Ili uwe mtori, mtu alikwenda bucha kununua nyama ya ng'ombe, hata kama ni nusu kilo, na nyama haina bei ya kuchezea. Alitafuta mshare, kwa sababu si kila ndizi inapondeka vizuri. Alimenya, na utomvu wa ndizi mbichi ukamganda vidoleni ukawa mweusi. Ule hautoki kwa sabuni siku hiyo. Aliichemsha nyama hadi ikalainika, akatia ndizi, kitunguu na chumvi, akaponda kwa mwiko mpaka mabonge yakaisha, kwa sababu mgonjwa hatafuni. Akamimina kwenye hotpoti, akaifunga kwa khanga isimwagike, akapanda bodaboda akiwa ameipakata, akawahi saa ya kuona wagonjwa. Mstari mzuri, basi:

"Jumanne saa 7 mchana, wodini. Mama Neema ameleta mtori. Amemenya ndizi baada ya kutoka shamba, na nauli ametoa yeye."

Maneno hayafiki ishirini na tano, lakini aliyeyaandika amemwona mama Neema, na mikono yake yenye weusi wa utomvu.

Mambo matatu kwa usiku mmoja yanatosha. Yawe madogo bila wasiwasi. Dada wa genge aliyekupa nyanya za elfu moja akasema utalipa kesho, ilhali yeye mwenyewe hajafunga hesabu ya siku. Fundi baiskeli aliyekaza nati akakataa mia mbili yako. Shemeji aliyejua kwamba LUKU imeisha akatuma tokeni za umeme bila kuulizwa wala kusema. Wiki nzito haina mambo makubwa mazuri. Ingekuwa nayo isingekuwa nzito. Ukisubiri la maana utalala bila mstari hata mmoja.

Kwa nini tunasisitiza mkono? Kwa sababu taabu ina tabia ya kumwaminisha mtu kwamba yuko peke yake, na bishana naye ujuavyo, hakuelewi. Majina ishirini yaliyoandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe ni vigumu kuyakana. Tena majina hayo yana kazi nyingine: siku mambo yakizidi, hapo ndipo penye watu wa kupigia simu.

Kuna usiku ambapo jambo jema halina mkono wa mtu. Mvua ilikatika ulipotaka kuvuka, au asubuhi kabla ya saa 3 mlima ulikuwa wazi, Kibo yote na kilele cha Mawenzi pembeni yake, nawe ulikuwa umesimama Double Road ukisubiri gari. Andika, ila lisizidi moja kwa usiku. Mwenye imani ataandika kwamba ni mkono wa Mungu, na ni haki yake. Tunachomwomba ni swali moja la ziada: hii neema imepitia kwa nani? Mara nyingi jibu lipo, na huyo iliyepitia kwake bado hajaambiwa asante.

Usiku ambao huoni kitu: fuata kikombe cha chai

Utafika, kwa kawaida siku ya tatu au ya nne. Umekaa na daftari na hakuna mtu aliyekutendea wema siku nzima. Usilazimishe wala usibuni. Badala ya kutafuta mambo matatu, chukua kitu kimoja ulichokitumia leo na ukifuate nyuma hadi mikono mitano ionekane. Chai ya maziwa inafaa kuliko vyote kwa mtu wa hapa.

Sukari yake huenda imetoka kwenye miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC, kusini mwa mji, tambarare kwenye joto, ambako watu hukata miwa kwa panga. Majani ya chai yalichumwa Mufindi au milima ya Usambara, kikonyo kwa kikonyo. Maji yametoka chemchemi za miteremko ya mlima huu, na kuna fundi wa mamlaka ya maji aliyeingia mtaroni bomba lilipopasuka. Sasa maziwa. Ng'ombe wa Kibosho, Uru au Old Moshi mara nyingi hatoki zizini, kwa sababu kihamba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, kimejaa migomba na kahawa na hakuna malisho. Majani yake hukatwa huko chini tambarare yakapandishwa mlimani. Umewaona wanawake hao barabarani jioni, mzigo wa majani umefunika kichwa na mabega hata uso hauonekani, wanapanda mteremko polepole mguu baada ya mguu. Nusu lita uliyotia kwenye sufuria imepita juu ya kichwa cha mmoja wao. Wa tano ni aliyeipika, au aliyekupikisha wewe ukiwa mtoto ukajua kiasi cha tangawizi.

Zoezi hili lifanyike mara moja au mbili kwa wiki, si kila siku. Likizoeleka hugeuka somo la jiografia. Siku nyingine badilisha kitu: sahani ya wali wa mpunga wa Mabogini au Chekereni, au shati la mitumba ulilovaa, ambalo kuna kijana aliyelipiga pasi ya mkaa kabla ya kulitundika.

Usiku wa tano: ondoa

Watafiti wa Marekani, Minkyung Koo na wenzake, walionyesha mwaka 2008 kwamba kuwaza jinsi jambo jema lingeweza kutotokea kunaamsha moyo kuliko kukumbuka tu kwamba lilitokea. Sababu yake inaeleweka kwa yeyote aliyekaa na mtu miaka mingi: kilichopo kila siku jicho hukizoea na kuacha kukiona.

Chagua mtu mmoja au kitu kimoja. Andika kwa dakika tano mlivyokutana, na mahali ambapo ingewezekana msikutane kabisa. Ungepanda haisi ya nyuma yake. Ungepangiwa shule nyingine. Chumba cha Njoro kingekuwa kimeshapangishwa siku ulipokwenda kukiangalia, usingepata huyu mwenye nyumba anayekuvumilia kodi ikichelewa wiki mbili. Kisha, na hili usiliache, malizia kwa kuandika: "Lakini yupo," na jambo moja alilolifanya wiki hii. Ukiishia njiani, umejitisha bure.

Tahadhari moja nzito. Usimwondoe mgonjwa. Kama mama yako yuko kitandani hospitali, kumwaza kwamba hayupo si shukrani, ni hofu iliyovaa nguo ya shukrani, na utakesha nayo. Wakati huo ondoa kitu au mtu aliye mzima: kazi, jirani, chumba, rafiki wa zamani.

Hatua ya tatu: asante ifike

Daftari peke yake ni nusu ya kazi. Kuanzia siku ya tano au ya sita, chagua jina moja kati ya yale uliyoandika na umfikishie asante yake. Moja tu kwa wiki hii. Ukiwatumia watu kumi, wote watapata maneno yale yale na kila mmoja atahisi.

Wengi husita hapa. Wanaona watamwaibisha mwenzao, au maneno hayatakuwa mazuri, au yule anajua tayari. Amit Kumar na Nicholas Epley walilipima hilo mwaka 2018: walioandika barua za shukrani walidhani mpokeaji ataona aibu kidogo na hatashangaa sana, wapokeaji walisema walishangaa na kufurahi kuliko mwandishi alivyobashiri, na aibu iliyoogopwa ilikuwa ndogo. Kwa hiyo unapohisi "itakuwa ajabu", jua kwamba ni wewe tu unayeiona hivyo.

Ujumbe mfupi ukiandikwa vizuri unatosha. Ufuate sehemu zile zile tatu, na ongeza moja: kilichotokea baada ya wema wake, ambacho yeye hakukiona. Hapa ndipo mpokeaji huguswa, kwa sababu alitoa kitu akaondoka, hakujua kilifika wapi.

"Shikamoo mama. Jumanne ulipoleta mtori, mgonjwa wetu alikuwa hajala tangu Jumapili usiku. Alimaliza bakuli akaomba aongezwe, na usiku huo alilala. Najua ulimenya ndizi baada ya kutoka shamba. Asante sana mama. Sina jingine, nilitaka ujue."

Tazama ile sentensi ya mwisho. Watu husema kushukuru ni kuomba tena. Kwa wiki hii uweke msemo huo kando. Asante inayofuatwa na "halafu mama, nilikuwa na shida kidogo" inageuka kuwa hodi, na wema wote uliotajwa juu yake unaonekana kama njia ya kufika kwenye ombi. Ikiwa kweli unahitaji msaada wa mtu huyo huyo, omba kwanza, siku nyingine kabisa, na asante iache siku kadhaa ipumue. Kama una deni kwake, usilifiche: "Ile elfu ishirini ninaikumbuka, nitaileta mwisho wa mwezi. Leo nimekuja kwa jambo jingine."

Kwa mzee, au mtu aliyekufaa miaka mingi iliyopita, mfano mwalimu wa shule ya msingi au mama mdogo aliyekulea, ujumbe wa simu ni mdogo mno. Andika barua ya ukurasa mmoja, maneno 300 hivi, uende nayo umsomee. Katika utafiti ule wa 2005 zoezi la namna hii ndilo lililoinua furaha kwa ghafla kuliko mengine yote, ingawa nguvu yake ilipungua baada ya mwezi hivi. Usiende mkono mtupu. Kilo ya sukari na mche wa sabuni ni heshima inayoeleweka kila nyumba. Ila mpe sukari mwanzoni, isalimiwe na iwekwe ndani, ndipo utoe barua. Ukimpa mwishoni, barua itaonekana ni utangulizi wa zawadi, ilhali ni kinyume. Soma taratibu. Akianza kukukatiza kwa "basi mwanangu, basi, nilifanya nini mimi", ngoja kidogo, kisha endelea hadi mwisho. Kwa bibi wa Machame au Marangu malizia kwa "aika". Hata kama Kichagga chako ni cha kuokoteza, neno hilo kwake lina uzito ambao asante haina.

Pengine utagundua kwamba huyo mtu ulimsahau kwa miaka, au mliachana vibaya. Basi ufunguzi wako ni kuomba radhi, na usichanganye mambo mawili kwa ziara moja. Uchaggani jani la isale lina kazi yake katika kuomba msamaha, na wazee hawalichezei. Kama jambo ni kubwa kiasi hicho, tafuta mtu mzima wa ukoo akuongoze, daftari lisubiri.

Nyumbani, kwa mnayelala chumba kimoja, hakuna barua. Mwambie uso kwa uso, sentensi moja, siku ile ile: "Nimeona umeamka saa 10 kuchota maji. Asante." Neno "nimeona" ndilo linalofanya kazi.

Kwa watoto, mezani, swali la "unashukuru nini?" huleta jibu la Jumapili. Uliza "leo nani amekusaidia?" Utashangaa wanavyokumbuka hadi rangi ya penseli waliyoazimwa.

Yanayoharibika, na sababu zake

Kujilinganisha na wenye shida zaidi. Hutuliza kwa muda mfupi, kisha huacha aibu, na humgeuza mgonjwa wa kitanda cha pili kuwa dawa yako. Mstari wowote unaoanza na "angalau mimi si kama" ufutwe.

Kurudia. Ukiona umeandika "watoto wana afya" siku tatu mfululizo, zoezi limelala. Watoto wabaki, ila andika alichofanya mmoja wao, saa ngapi, na maneno aliyosema.

Kuruka usiku mmoja kisha kuacha kabisa kwa kuona umeharibu. Siku saba hazilazimiki kufuatana. Usiku uliorukwa hauandikwi kwa kukumbuka kesho yake, unaachwa, unaendelea na wa leo.

Hisani yenye masimango inataka maelezo kidogo. Kuna mtu anayekukopesha kisha anakutangaza mtaa mzima. Vitenge viwili hivyo visishonwe pamoja. Fedha iliyofika iandikwe sehemu ya shukrani, kwa ukweli wake, pamoja na gharama aliyoitoa. Masimango yaandikwe sehemu ya pole, kwa ukweli wake pia. Hulazimiki kusema masimango yalikuwa mema, na hulazimiki kukana kwamba fedha ilikusaidia.

Daftari kusomwa na watu. Mara mtu akijua linasomwa, huanza kuandika anachotaka kusomwa. Lifichwe, au mkubaliane nyumbani kwamba halifunguliwi.

Anayesahau saa ya kuandika ajifunge kwenye sauti inayokuja yenyewe. Mji huu una adhana na una kengele za kanisa. Adhana ya isha ikiisha, daftari linafunguliwa, uwe Mwislamu au usiwe.

Wakati wa kuliweka daftari kando

Msiba ukiwa mbichi. Siku za matanga ni za pole peke yake, na mtu asiwaharakishe wafiwa.

Anayepigwa au kunyanyaswa nyumbani asiambiwe atafute mazuri ya anayempiga. Shukrani ikitumika hivyo inamfunga mtu mlangoni. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na kwa mtoto anayeumizwa namba 116 hupigwa bila malipo.

Na kuna uzito ambao si wa wiki. Huzuni ikikaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, usingizi na hamu ya chakula vikavurugika, vitu ulivyokuwa ukivipenda visikuvute tena, hiyo huenda ni sonona, nayo ina matibabu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2021 ulikuta kwamba mazoezi ya shukrani hupunguza sonona na wasiwasi kwa kiasi kidogo tu, kwa hiyo yasishike nafasi ya daktari. Anza kituo cha afya kilicho karibu, au nenda hospitali ya Mawenzi au ya KCMC ukaulize huduma ya afya ya akili. Wazo la kujidhuru likija, usingoje usiku wa saba; mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi na muende pamoja.

Wiki ikiisha

Punguza. Sonja Lyubomirsky na wenzake waligundua, katika jaribio la wiki sita walilolichapisha mwaka 2005, kwamba waliohesabu neema zao mara moja kwa wiki walinufaika, ilhali waliofanya mara tatu kwa wiki hawakuona tofauti. Jambo likifanywa mno linakuwa zoea. Robert Emmons na Michael McCullough nao, mwaka 2003, waliwataka watu waandike mambo hadi matano mara moja kwa wiki kwa wiki 10, na walioandika waliyaona maisha yao kuwa mazuri zaidi na hata malalamiko yao kuhusu maumivu ya mwili yalikuwa machache zaidi. Usiku saba mfululizo ni wa kukuvusha mtoni. Baada ya hapo Jumapili jioni peke yake inatosha, mistari mitano, na pole yake juu kama kawaida. Wiki nyingine nzito ikija, rudi kwenye kila usiku.

Kabla ya kufunga daftari la wiki ya kwanza, pitia kurasa zote saba ukihesabu majina. Yapigie alama pembeni. Kutakuwa na jina ulilolitarajia ambalo halimo hata mara moja. Usilifanyie chochote kwa sasa. Na kutakuwa na jina lililojirudia mara tatu au nne ambalo hukulitarajia, pengine muuza maji, pengine shemeji usiyempenda sana. Huyo mfuate Jumamosi asubuhi, kabla hajatoka kwenda sokoni.